Pwani Isiyo na Chumvi

Nilipomwambia mpwa wangu kwamba safari ya mwaka huu itakuwa ya pwani, alifungasha kaptula mbili na miwani ya kuogelea. Usiku nikamtandazia ramani mezani. Kidole changu kikaondoka Pangani, kikapita Dodoma, Singida na Kahama, kikavuka Rusumo, kikaikata Rwanda yote na kutua Gisenyi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona dalili za kwanza za uzee kwa mkubwa wake.

“Mjomba, Rwanda ina pwani gani?”

Swali la haki. Kwetu sisi pwani ni moja tu, yenye chumvi, mikoko na kusi. Lakini pwani ni pale pia ambapo njia ya nchi kavu inamwishia msafiri, akabaki kuchagua: kurudi, kukaa, au kutafuta chombo. Kwa maana hiyo Ziwa Kivu lina pwani ndefu, iliyo mita 1,460 hivi juu ya bahari yetu. Upande wa Rwanda inaanzia Gisenyi kaskazini hadi Cyangugu kusini: rasi zilizochongoka, hori zinazopenya katikati ya milima, visiwa, na miji midogo iliyopitiwa na wafalme, wamisionari, maaskari na wachuuzi. Barabara ya lami ya kama kilomita 200 inaifuata, na ni lami ya juzijuzi.

Tena tuna habari yetu huko. Desemba 1893, miaka minne tu baada ya Wajerumani kumnyonga Abushiri bin Salim hapohapo Pangani, afisa kijana wa ukoo wa kikabaila, Gustav Adolf von Götzen, aliondoka mjini kwetu na msafara wa mamia ya askari na wapagazi. Mei 1894 wakavuka Kagera na kuingia Rwanda. Wakaonana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri huko Kageyo. Juni wakafika ukingoni mwa Kivu, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameshukia mdomoni mwa mto Kongo, Atlantiki. Götzen aliandika kitabu, akapata sifa, na mwaka 1901 akarudi Dar es Salaam akiwa gavana. Maji Maji ilipolipuka 1905 yeye ndiye aliyekuwa kitini, na chini yake mashamba na maghala ya kusini yalichomwa moto mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki haikuimaliza.

Huyo tunamjua kwa jina, cheo na sura. Wale waliombebea mzigo kutoka mlangoni kwetu hatuwajui. Koo nyingi za Pangani zina babu mmoja aliyekwenda bara asirudi, na wetu anaye. Hakuna aliyewahi kusema alifuatana na msafara upi. Sikwenda Kivu kumtafuta, hiyo ingekuwa kazi ya wazimu. Nilitaka tu kuona maji waliyoyaona wale watu baada ya kutembea miezi sita, wakiyatazama labda kwa sekunde chache kabla ya kuambiwa watue mizigo na kupiga hema.

Kabla ya historia, niseme la usukani, maana hilo ndilo litakaloamua kama utafika. Rwanda wanaendesha kulia. Gari langu ni la kwetu, usukani kulia. Matokeo yake dereva anakaa upande wa mtaro na korongo, na lori lililo mbele linamziba asione kinachokuja. Hapo ndipo mpwa wangu alipopata cheo. Kutoka Rusumo hadi mwisho wa safari alikaa kushoto, shingo nje ya dirisha, akitoa amri mbili tu: “Mjomba, subiri,” na “Mjomba, twende.” Yeyote anayepanga safari hii na gari la Tanzania, Kenya au Uganda asiende peke yake.

Mengine ni madogo. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukisahau utafika kila mahali mapema, kosa ambalo kwa mtu wa Pangani si la kawaida. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ilipigwa marufuku tangu 2008. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na asubuhi mpaka saa tano barabara zinatulia, kwa hiyo panga kunywa chai ndefu. Usije Aprili wala Mei, mvua ya masika inaporomosha milima juu ya lami. Njoo Juni hadi Agosti. Na jihadhari na Sofia. Hilo ndilo jina ambalo madereva wamezibatiza kamera za mwendo, na Sofia wa kule hana macho ya kulegea. Mimi alinipata kwenye mteremko mmoja wa Rutsiro, kosa langu mwenyewe, na faini nililipa.

Nilipanga siku nne. Kilomita 200 kwa siku nne zinachekesha mpaka uzione kona zake.

Wageni wengi huianzia safari hii ufukweni Gisenyi, glasi mkononi. Mimi nasema ianze Nyundo, kilomita kama 10 kabla, pale barabara ya kutoka Musanze inapoteremka kuelekea ziwani na mto Sebeya unapoisindikiza. Jina lenyewe linamkaribisha mtu wetu: inyundo kwa Kinyarwanda ni nyundo ileile ya fundi wetu. Mpwa wangu alipoona kibao alicheka peke yake mpaka tukaegesha.

Mapadre Weupe walifika hapa, katika nchi ya Bugoyi, mwaka 1901, mwaka mmoja baada ya kufungua misheni zao za kwanza Rwanda, Save na Zaza. Walikuwa wametokea upande wetu, wa Ziwa Viktoria, na nyuma yao walikuja makatekista wa Kiganda ambao ndio waliokuwa wakizungumza na watu huku mapadre wakijifunza salamu. Angalia jinsi habari inavyojirudia: jina la mwanzilishi linaandikwa, na kinywa kilichomsemea kinasahaulika.

Lakini Nyundo ilikuja kumpata mtu wake. Aloys Bigirumwami alizaliwa 1904 upande wa mashariki, Gisaka, katika ukoo wa watawala wa zamani wa huko. Juni 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika makoloni yote ya Ubelgiji, akapewa Nyundo. Ni mwaka uleule ambao upande wetu, Bukoba, Laurean Rugambwa alipata uaskofu. Rugambwa alikwenda mpaka ukardinali na wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua. Bigirumwami hawamjui, na mimi nadhani wamepoteza.

Kwa sababu askofu huyu alifanya kitu ambacho wamisionari waliomtangulia walikiona ni upagani usiostahili wino. Alikusanya. Methali, hadithi ndefu na fupi, masimulizi ya wafalme, mila za uzazi na mazishi, miiko: mtu haruki hiki, mke hataji kile, mvua ikinyesha hivi hufanywa vile. Aliagiza, akaandikiwa, akaandika, vitabu vikatoka kimoja baada ya kingine kwa Kinyarwanda, si kwa Kifaransa. Mwaka 1954 akaanzisha gazeti la watoto, Hobe, jina ambalo ni salamu ya kukumbatiana. Aliongoza jimbo mpaka 1973 na akafariki 1986. Niliposimama mbele ya kanisa lake niliwaza kwamba laiti msafara wa Götzen ungekuwa na mtu mmoja wa tabia yake, mwenye kuuliza majina, leo tungejua nani alipita.

Kwenye lango nilimwamkia mzee aliyekuwa amekaa kwenye kivuli na fimbo yake. “Shikamoo mzee.” Akaipokea, akanipima, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania, pwani kabisa.

“Ndiyo maana,” akasema. “Weye unasema Kiswahili ya vitabu.”

Yeye alisema cha Gisenyi, ambacho ni jirani wa cha Goma, na akakisema haraka kuliko mimi. Alinieleza kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimchapa kwa kukisema nyumbani. Mswahili, katika masikio ya mama yule, alikuwa mtu wa mjini, mjanja, asiye na shamba, anayelala popote. Hakuwa akitia chumvi. Katika Kinyarwanda neno umuswahili lilibeba maana hiyo kwa muda mrefu. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili, wakileta makarani na askari wa pwani, wengi wao Waislamu. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatenga katika vitongoji vyao vilivyoitwa kambi za Waswahili. Lugha ikabaki na harufu ya kambi, soko na bunduki. Mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, miaka kumi baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilimuuliza mzee kama mama yake angesemaje. Akatabasamu bila kujibu.

Nyundo ina jambo jingine, na haliwezi kurukwa. Aprili 1994, katika siku za kwanza za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia seminari ndogo na kanisa kuu wakiamini kuta za dini zitawakinga. Waliuawa humohumo, na mapadre wengi wa jimbo waliuawa pamoja nao. Hatukupiga picha. Na usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, Sebeya, mto huu ambao kiangazi unaonekana kama wa kuoshea vyombo, ulivunja kingo zake. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya magharibi na kaskazini. Bondeni chini ya Nyundo utaona kuta za mawe zikidhibiti kingo, na pengo pale palipokuwa na nyumba.

Gisenyi penyewe, leo mji wa wilaya ya Rubavu, sitakaa sana, panajieleza. Mitende, nyumba za kikoloni zenye veranda pana, mchanga, na watoto wanaojirusha majini bila hofu maana Kivu haina mamba. Mpwa wangu alivaa miwani yake hatimaye. Alitoka majini akilamba midomo na kushangaa: hamna ladha.

Kinachoufanya mji huu kuwa wa ajabu ni kwamba umekatwa na mstari. Wajerumani na Wabelgiji walibishana kuhusu Kivu tangu siku Götzen alipoitia ramanini, mpaka mkataba wa Brussels wa 1910 ukaamua: Gisenyi kwa Mjerumani, Goma kwa Mbelgiji, na kisiwa kikubwa cha Idjwi kwa Mbelgiji. Wenyewe wa Idjwi hawakuulizwa. Vita ilipoanza 1914 Kapteni Max Wintgens alikiteka kisiwa hicho mwezi Septemba. Mwaka 1916 Wabelgiji wakavuka na kuchukua si kisiwa tu bali Rwanda nzima. Mstari ukabaki palepale. Julai 1994 watu karibu milioni moja waliuvuka kwa siku chache wakielekea Goma, na kipindupindu kikawafyeka. Mei 2021 walikimbia kwa kugeuza uelekeo, kutoka Goma kuja Gisenyi, volkano ya Nyiragongo ilipotapika, na matetemeko yakapasua nyumba za pande zote mbili. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23, makombora yalianguka upande huu na kuua watu. Kwa hiyo uliza hali ya mpaka kabla ya kupanga kuvuka, au panga kutovuka. Mimi nilisimama kwenye mlango mdogo wa mpaka asubuhi tu, nikitazama akina mama wakipita na mabeseni ya nyanya na viazi, na Kiswahili kikipigwa kwa bei.

Nyiragongo, ukibahatika kuuona kichwa, unakaa juu ya yote hayo. Götzen aliupanda mwaka 1894 na kuuandika Kirunga-tscha-gongo. Irudishe tahajia yake ya Kijerumani nyumbani utapata Kirunga cha Gongo. Hiyo “cha” nimeifikiria sana. Kinyarwanda nacho kina “cya”, inayotamkwa hivyohivyo, na wataalamu watasema ni ya wenyeji. Huenda. Ila nani aliyekuwa akimtafsiria bwana yule pale juu, baridi ikimtetemesha, akijibu swali la “huu unaitwaje?” kwa lugha aliyoijua yeye? Niachieni “cha” hiyo moja. Ndiyo alama pekee ya kijana wa Pangani niliyoiona ramanini.

Kutoka Gisenyi barabara inapanda kuingia Rutsiro, na hapa ndipo utakapoelewa siku nne zilikuwa za nini. Ziwa linakuja kulia, linapotea, linarudi likiwa chini zaidi, kama mtu anayekuchungulia kupitia matundu ya ukuta. Upande mmoja chai, upande mwingine migomba na kahawa inayoshuka mpaka majini. Kinunu wana mitambo ya kuosha kahawa ufukweni, na wapanda baiskeli wanaofuata njia ya zamani ya Congo-Nile, kilomita 227 za vumbi na matope, hulala huko. Tuliwapita wawili, Wazungu wekundu kama embe dodo, wakisukuma baiskeli mlimani. Mpwa wangu akawapungia mkono kwa fahari ya mtu mwenye injini.

Jioni, kabla giza halijashika, wavuvi hutoka. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ya mkalitusi ikichomoza mbele na nyuma kama pembe za mdudu, nyavu kati yao, taa za kuvutia samaki. Wanapiga kasia wakiimba, mmoja anaita na wengine wanaitikia, na sauti hupanda mlimani mpaka barabarani. Wanavua sambaza. Nilidhani nimesikia vibaya. Sambaza! Kumbe ndilo jina: dagaa mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, maana Kivu ilikuwa maskini wa samaki, akasambaa kweli. Tulimla Kibuye, amekaangwa mkavu na ndimu, na nikaona aibu kidogo kwamba dagaa wa Kigoma alifika huku akapewa jina la Kiswahili bila sisi kupata habari.

Chini ya samaki hao kuna jambo lisiloonekana. Ziwa hili lina kina cha mita zaidi ya 480, na tabaka zake za chini zimeshikilia takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Wanasayansi hulitaja pamoja na Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo mwaka 1986 lilifoka gesi usiku mmoja na kuua watu kama 1,700. Kivu ni kubwa kuliko Nyos kwa kiasi kisicholingana. Rwanda imeamua kuifyonza hiyo hatari na kuiwasha: tangu 2016 mtambo unaoelea karibu na Kibuye unavuta methani na kutoa megawati zipatazo 26. Usiku kutoka kwenye roshani unaona taa za mtambo upande mmoja na taa za wavuvi upande mwingine, na huwezi kusema mara moja zipi ni za nani.

Kabla ya kuteremka Kibuye, simama Rubengera. Gari nyingi hupita. Hapa Rwabugiri alikuwa na mojawapo ya miji yake. Alikuwa mfalme wa miguu, hakukaa mahali pamoja. Miji yake ilitapakaa nchi nzima, na ya huku ziwani ilikuwa vituo vya vita dhidi ya Idjwi na nchi za ng’ambo. Huyu ndiye aliyewapokea watu wa msafara wetu mwaka 1894. Mwaka uliofuata alifariki, na masimulizi ya Rwanda yanasema kifo kilimkuta mtumbwini, juu ya ziwa hili, akitoka vitani. Nikifikiri wale wapagazi walisimama mbele ya mfalme ambaye hakuwa bado na bwana juu yake, natamani kujua walitazama nini. Ng’ombe, pengine. Mtu wa pwani hukumbuka ng’ombe wenye pembe vile.

Mwaka 1909 misheni ya Kiprotestanti ya Bethel ilijenga Rubengera, baada ya kufungua Kirinda 1907. Kiongozi wao, mchungaji Ernst Johanssen, alitokea Usambara, ambako mwaka 1891 alikuwa amesaidia kuanzisha misheni ya Mlalo. Mlalo! Kutoka Pangani milima ile unaiona siku zikiwa safi. Mpwa wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akivumilia historia kama mtu anayevumilia mvua, aligeuka. “Yaani wote walitokea kwetu?” Nikamwambia si wote, ila njia ilikuwa ileile.

Kibuye, Karongi ya sasa, ni mji mzuri kiasi cha kuumiza. Rasi zinaingia majini kama vidole, na kwenye rasi moja kuna kanisa la mawe la Mtakatifu Yohane linalotazama ziwa pande mbili. Aprili 17, 1994 maelfu waliokimbilia kanisani hapo waliuawa. Kesho yake wauaji wakahamia uwanja wa mpira wa Gatwaro. Mkuu wa mkoa wa wakati ule, Clément Kayishema, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999, na hukumu hiyo ilisomwa Arusha, nchini kwetu, jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka bila kusafiri kilomita zote hizi.

Kutoka hapo ni kama kilomita 30 kwenda Bisesero, kona juu ya kona. Watu wa milima hii hawakukimbilia kanisa. Walikuwa wafugaji waliozoea kujilinda, wakakusanyika kileleni na kupigana kwa mawe, fimbo na mikuki kwa majuma mengi, wakiongozwa na Aminadabu Birara, mzee ambaye mwenyewe aliuawa. Juni 27 askari wa Ufaransa walifika, waliobaki wakatoka mafichoni. Wafaransa wakaondoka, wakarudi Juni 30, na katika siku hizo tatu mamia waliokuwa wamejitokeza walikuwa wameuawa. Ukumbusho umejengwa kwa vyumba vidogo tisa, kimoja kwa kila tarafa ya mkoa wa zamani wa Kibuye, kandokando ya njia inayopanda. Unapanda ukihema. Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi. Tengea Bisesero siku nzima, na usiifungamanishe na kitu kingine siku hiyo. Sisi tulipanga kuogelea jioni, na hatukuogelea.

Kusini zaidi barabara inalegea, chai inachukua milima, na katika wilaya ya Nyamasheke kuna mchepuko wa kwenda Shangi, rasi tulivu yenye parokia na mashamba. Hapa mwaka 1896 jeshi la Rwanda lilikutana na kikosi cha Luteni Sandrart wa Dola Huru ya Kongo. Bunduki zilishinda, na Bisangwa, mmoja wa wakuu waliokuwa nguzo ya mfalme mpya Rutarindwa, aliuawa. Kabla ya mwaka kwisha Rutarindwa alipinduliwa Rucunshu na mtoto Musinga akawekwa kitini. Watu hueleza kuja kwa ukoloni Rwanda kana kwamba mlango ulifunguliwa kwa adabu. Hapa ndipo bawaba ilipong’oka.

Miaka mitatu baadaye daktari wa wagonjwa wa akili, Richard Kandt, alijijengea kituo Shangi na kukiita Bergfrieden, amani ya mlimani, akapima ziwa hori kwa hori. Alikuwa amekwisha kuufuata mto Rukarara msituni mwaka 1898 na kutangaza kwamba ndiyo chemchemi ya Nile. Mwaka 1907 aliianzisha Kigali. Katika Wazungu wote wa njia hii ndiye ninayeweza kukaa naye meza moja. Alikuwa na mzaha, na alitazama watu. Lakini hata yeye alifika kwa miguu ya wengine, kupitia Tabora.

Tulikaa kwenye nyasi pale juu. Idjwi ilikuwa mbele yetu, ndefu na ya buluu, na mama mmoja akapita na ndoo kichwani. Akatusalimu kwa Kinyarwanda, nikajibu vibaya, akageuza lugha mara moja: “Karibuni sana. Munatafuta nini huku?” Nilifungua kinywa nieleze Götzen, wapagazi, babu. Mpwa wangu akanitangulia: “Tunatazama ziwa tu, mama.” Akaridhika, akaenda zake.

Cyangugu ilitupa usiku mmoja na mikate ya chapati iliyokunjwa na mayai. Pale mto Ruzizi unatoka ziwani, chini ya daraja la kwenda Bukavu, na kushuka kwenda Tanganyika, halafu Lukuga, halafu Kongo, mpaka Atlantiki. Maji ya Nyundo tuliyoyaona siku ya kwanza yangefika huko siku moja, kwenye bahari ileile walikoishia watu wa Götzen. Yetu haiko katika hesabu hiyo.

Tulirudi kwa kupasua msitu wa Nyungwe, ambao juu yake kuna mgongo unaogawa mvua, tone hili kwa Kongo na tone lile kwa Nile. Ukungu ulikuwa mzito, nyani wamekaa kwenye kingo za lami kama mafundi wanaosubiri mshahara. Mbele yetu lori la saruji lilikuwa likipanda kwa gia ya kwanza. Nikavuta usukani kidogo kushoto. Mpwa wangu akatoa kichwa dirishani, nywele zikalowa.

“Mjomba, subiri.”